Gari la Kuvuta Trela: Mambo ya Kuangalia Kabla ya Kutoa Fedha

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama na watu wa nyumbani mwao, Nkubu)



Sisi tufanyao kazi katika reli tumeombwa tuseme machache juu ya gari ambalo kikundi chetu cha akiba kinataka kununua. Hapa Nkubu hapana reli. Behewa la karibu tunalipata Nanyuki, ng'ambo ya Timau. Lakini mzigo ni mzigo, mlima ni mlima, na breki ni breki, uwe juu ya chuma au juu ya lami. Kwa hiyo hatukukataa.

Fedha zilizo katika kisanduku si fedha za tajiri mmoja. Ni shilingi za mpiga randa, za mchuma chai, za mwalimu, za mama auzaye ndizi sokoni. Tukinunua gari lisilofaa, hatutapata nyingine upesi. Na tukinunua gari lisiloweza kusimama, tutazika watu. Basi yafaa tusikilizane kwa utaratibu.

Tumesikia maoni matatu. Wengine wanataka pikapu kubwa ya Marekani, kama ile Ford F-350 au Ram 3500, ambayo trela yake haifungwi nyuma kwenye bampa bali hukaa juu ya sahani ya chuma iliyo ndani ya kitanda cha pikapu. Wengine wanataka pikapu za huku kwetu, Toyota Land Cruiser au Isuzu D-Max, zenye trela ndogo. Wengine wanasema tuache trela kabisa, tununue lori dogo. Hatukuja kumsifu mwenye gari huyu au yule. Tumekuja kueleza jinsi ya kupima.

JAMBO LA KWANZA: UZITO

Ukitazama ubavu wa behewa la mizigo utaona limeandikwa uzito wake likiwa tupu na mzigo linaoruhusiwa kubeba. Hatuandiki kwa urembo. Mtu wa kupanga garimoshi hujumlisha hesabu hizo zote, ndipo ajue injini itaweza au haitaweza. Mwenye pikapu naye hana budi kufanya hivyo hivyo. Kuna uzito wa gari tupu, uzito wa vitu na watu walio ndani yake, uzito wa trela tupu, na uzito wa mzigo ulio juu ya trela. Jumla ya hivyo vyote ndiyo injini inavuta na ndiyo breki inasimamisha.

Sasa tufike kwenye ile sahani. Madereva huiita gurudumu la tano, ingawa haizunguki barabarani. Jina limetoka zamani za magari ya farasi, yalipokuwa na duara la chuma lililolala juu ya ekseli ya mbele ili ekseli igeuke. Leo ndiyo inayoshika trela za malori makubwa yatokayo Mombasa, yale ambayo sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2013 inayawekea kikomo cha tani 56. Uzuri wake ni kwamba uzito wa mbele wa trela hukaa juu ya ekseli ya nyuma ya gari, wala haukai nyuma yake. Kwa sababu hiyo trela haiyumbi sana, wala haiinui magurudumu ya mbele ya gari.

Lakini uzuri huo una bei. Trela ifungwayo nyuma kwa mpira wa chuma huegemeza kwenye gari kama sehemu 10 hadi 15 kwa kila 100 za uzito wake. Trela ya sahani huegemeza sehemu 15 hadi 25. Tuchukulie mfano. Trela tupu iwe kilo 900, ndizi ziwe kilo 2,600. Jumla kilo 3,500. Sehemu 20 kwa 100 ni kilo 700. Kilo hizo 700 zimo ndani ya pikapu, ijapokuwa kitanda chake unakiona kitupu. Kama ni pikapu ya tani moja, weka dereva, utingo na mwenye mali, watu watatu, kilo 210. Tayari ni 910. Zimebaki 90, na sahani yenyewe pamoja na vyuma vyake hazijahesabiwa. Mkungu hata mmoja hauna nafasi tena. Ndipo mjue kwa nini Wamarekani hutumia pikapu nzito zenye magurudumu manne nyuma kwa kazi hiyo. Hawakufanya kwa maringo, walifuata hesabu.

JAMBO LA PILI: JE, GARI HILO LITAINGIA NCHINI?

Tumeambiwa kuna jamaa zetu Marekani walio tayari kutusaidia kupata pikapu ya namna hiyo. Tunawashukuru. Lakini magari ya Marekani usukani wake uko kushoto, na kanuni za Kenya za magari yaliyotumika zinataka usukani uwe kulia, na gari lisizidi miaka 8 tangu kusajiliwa kwake mara ya kwanza. Mtu asitume fedha kwa matumaini kwamba mambo yatarekebishwa bandarini. Gari likizuiliwa Mombasa, siku zinahesabiwa na deni linakua.

Hata kama lingeingia, tuulize springi zake zitatoka wapi, na bearingi zake zitatoka wapi. Land Cruiser na D-Max huunganishwa humu humu Kenya, ya kwanza Mombasa na ya pili Nairobi. Vipuri vyake vinapatikana Kirinyaga Road, na fundi wa Meru anavijua kwa kuvigusa tu. Gari lisilo na vipuri ni kama injini iliyo juu ya jiwe: inang'aa, lakini haiendi.

JAMBO LA TATU: NGUVU NA MLIMA

Wauzaji hupenda kutaja nguvu za farasi. Ninyi ulizeni nguvu ya mzunguko, yaani ile inayozungusha gurudumu wakati gari linaanza kupanda na mzigo likiwa polepole. Injini ya kupangia mabehewa pale stesheni haina mbio, lakini inavuta mabehewa mengi kwa sababu ya nguvu hiyo.

Tena kumbukeni kwamba tuko mlimani. Hewa ya juu ni nyepesi. Injini ya dizeli isiyo na tabo, yaani kile chombo cha kusukuma hewa ndani ya injini, hupoteza kama sehemu moja katika 10 ya nguvu zake kila upandapo mita 1,000. Ile injini ya Land Cruiser ya lita 4.2 na silinda 6 haina tabo. Ni ngumu, haina mambo mengi, na fundi wa kijijini anaiweza. Lakini ukipita Timau, zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, itapumua kwa shida ikivuta tani tatu na nusu. D-Max ya lita 3.0 ina injini ndogo zaidi lakini ina tabo, nayo hupungukiwa kidogo tu na kimo. Ila tabo yataka mafuta safi na dereva mwangalifu. Kila kitu kina haki yake.

JAMBO LA NNE: BREKI

Ndugu zetu, hapa tunaomba msikilize sana. Kuvuta ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kusimama.

Tarehe 24 Juni 2002, huko Igandu karibu na Dodoma, garimoshi la abiria lililokuwa likipanda mlima lilianza kurudi nyuma. Likashika kasi, likagonga garimoshi la mizigo. Watu 281 walikufa. Sisi wa reli, popote tulipo Afrika ya Mashariki, hatusahau siku hiyo. Inatukumbusha kwamba mlima una nguvu kuliko injini yo yote, na kwamba mzigo ukikushinda mara moja hausikii maombi.

Na sisi tuna mlima wetu. Njia ya kutoka hapa kwenda Chuka na Embu inashuka mtoni na kupanda, inashuka na kupanda, na hapana mtu asiyejua daraja la Nithi. Tarehe 24 Julai 2022 basi lilitumbukia pale na watu zaidi ya 30 wakafa. Basi hilo halikuwa na trela nyuma. Je, pikapu yenye tani tatu na nusu zinazoisukuma kutoka nyuma itakuwaje?

Katika garimoshi la leo kila behewa lina breki yake, na bomba la hewa linapita tangu injini mpaka mwisho. Bomba likikatika, hewa inatoka na breki zinashika zenyewe. George Westinghouse aliibuni njia hiyo mwaka 1872, na maana yake ni moja: kitu kikiharibika, kiharibike kwa upande wa usalama. Trela yetu nayo iwe hivyo. Vitabu vya pikapu nyingi vinasema trela isiyo na breki zake isizidi kilo 750. Kilo 3,500 ni kwa trela yenye breki tu. Fundi akikwambia, "Breki za gari zinatosha," mshukuru, uende kwa fundi mwingine. Trela iwe na breki, iwe na minyororo miwili ya kuishika ikichomoka, na kamba ya chuma ya kuivutia breki yenyewe ikiachana na gari.

Dereva naye ashuke kwa gia ile ile ambayo angepandia. Akikanyaga breki mfululizo mpaka chini, zitapata moto na kulegea, na hapo mguu unakanyaga bure.

JAMBO LA TANO: MTU

Gari halijiendeshi. Trela husajiliwa kwa namba yake yenyewe, na bima itaje trela pia, isitaje pikapu peke yake. Tuulize NTSA kama leseni ya dereva wetu inamruhusu kuvuta uzito huo. Ile ya lori kubwa lenye trela ni ya daraja CE.

Tena, siku tutakayomwandika dereva na utingo, sisi tutakuwa waajiri. Jambo hili lisichekeshwe. Tumezoea kudai haki kwa wengine; sasa tutadaiwa sisi. Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri awawekee bima wafanya kazi wake. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka huo huo inasema mfanya kazi akitoa habari ya hatari kubwa, mwajiri hana ruhusa kumrudisha mahali pale mpaka hatari imeondolewa. Kwa hiyo dereva akisema, "Mzigo umezidi, siondoki," asiambiwe ni mvivu, hata kama ndizi zinaiva na soko la Nairobi linangoja. Chama kisichomsikia dereva wake mwenyewe kitasema nini mbele ya waajiri wengine?

SHAURI LETU

Tumepima maoni yote matatu. Pikapu ya Marekani na sahani yake ni chombo kizuri kwa kazi ya kwao, lakini usukani wake, vipuri vyake na bei yake havitufai. Basi yamebaki mawili, na kazi ndiyo itakayochagua.

Kama kazi ni kupeleka ndizi Nairobi karibu kila siku, tununue lori dogo la tani 3 au 4. Kilo zile 2,600 zitakaa juu ya chesisi yake lenyewe, bila kiungo cha kukatika, bila trela ya kuyumba, kwa breki zilizotengenezwa kwa uzito huo.

Kama kazi ni kukusanya mazao Mitunguu na Kanyakine mara mbili kwa wiki, na siku nyingine kupeleka mgonjwa, mbolea au mabati, basi pikapu na trela yenye breki inafaa. Faida ya trela ni ile ile ya behewa: unaiacha shambani ikipakiwa, na injini inakwenda kufanya kazi nyingine.

Kwa maoni yetu, kazi iliyo mbele yetu leo ni ya namna hii ya pili. Tunaomba mkutano uchague watu watatu, dereva, fundi, na mama mtunza hazina, wala asiende mmoja peke yake. Watazame chini ya gari kama chesisi imeungwa kwa moto au imeliwa na kutu. Wasome cheti cha gari na kuhakikisha jina la mwenyewe. Wapime gari na trela kwenye mizani, tupu na zikiwa na mzigo. Kisha walipeleke Nithi likiwa limepakiwa, washuke polepole, walisimamishe katikati ya mlima, waliondoe tena. Gari likikataa pale, muuzaji arudishiwe ufunguo wake kwa heshima, na fedha zirudi kisandukuni.

Mbio si kitu. Twataka mali ifike sokoni, na aliyeipeleka arudi nyumbani kwake jioni.

Umoja ni nguvu.