Mtoto Amewekewa Mrija Ndani ya Jicho: Mama Afanye Nini?

Leo tutasema juu ya mtoto aliyepasuliwa jicho sababu ya ugonjwa wa glakoma.

Ndani ya jicho kuna maji yanayoingia na kutoka kila siku. Kama njia ya kutoka imefungwa, maji yanajaa, jicho linakuwa gumu, na mshipa wa kuona unakufa pole pole. Ukikufa, haufufuki. Kwa hiyo munganga anaweka mrija mdogo, ili maji yapate njia mpya. Mrija unalinda nuru iliyobaki. Haurudishi ile iliyopotea.

Basi, mkirudi nyumbani, kazi imekwisha? Hapana! Kazi ya mama ndiyo inaanza.

Majuma ya kwanza maji yanaweza kutoka kupita kipimo, na jicho linalegea. Mrija mwingine hufungwa kwanza na uzi. Uzi ukiyeyuka, kama juma la 4 mpaka la 6, maji yanaweza kutoka mengi kwa ghafula. Nyuma ya pale kovu linaweza kuzuia maji, na jicho linakuwa gumu tena bila maumivu. Ile mama hawezi kuiona, na usiminye jicho kwa kidole. Munganga anapima kwa chombo. Ndiyo maana fuata tarehe iliyoandikwa kwenye karatasi, hata kama mtoto anacheza na kucheka.

Ukiona mambo haya, usingojee kesho. Leta mtoto siku ile ile:

– jicho ni jekundu sana ao linatoa usaha;
– mtoto analia juu ya jicho, anatapika, ao anakimbia mwangaza;
– nuru yake inapunguka;
– mrija wenyewe unaonekana juu ya jicho. Hata kama haumi, vijidudu vimepata mlango, na jicho linaweza kupotea.

Nyumbani, nawa mikono na sabuni mbele ya kutia dawa ya matone. Chupa isiguse jicho. Usiache dawa bila ruhusa. Usiongeze dawa ya sokoni, maana dawa zingine za macho zinafanya jicho kuwa gumu zaidi. Usitie maziwa ya titi wala maji ya majani. Usiku funika jicho na kifuniko ulichopewa, asijisugue.

Ukimwachia bibi mtoto, mwambie haya yote. Mrija unakaa ndani ya jicho miaka mingi. Na kupimwa vilevile ni miaka mingi.