Mgeni Mlangoni pa Chuo



Sura ya kwanza ya Kitabu cha Danieli yatusimulia habari za vijana waliotekwa Yerusalemu wakapelekwa Babeli. Mfalme Nebukadreza aliagiza wafundishwe elimu na lugha ya Wakaldayo kwa muda wa miaka mitatu, wakilishwa chakula cha meza yake. Hawakuwa raia, walikuwa mateka. Hata hivyo, mwisho wa masomo yao mfalme aliwaona kuwa bora mara kumi kuliko waganga na wachawi wote wa ufalme wake.

Na sisi je? Nchini Kenya, wazee wa Kimakonde walitoka Msumbiji kuja kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa huko Kwale. Watoto na wajukuu wao walizaliwa papo hapo, lakini hawakuhesabiwa kuwa raia. Asiye na cheti cha kuzaliwa alipata taabu kuandikishwa kwa mtihani wa taifa. Na hata akifaulu, bila kitambulisho hakuweza kuomba mkopo wa elimu ya juu. Hivyo mtoto wa kibarua, aliyeuhitaji mkopo huo kuliko wengi, ndiye aliyeukosa.

Mwezi wa Oktoba 2016 Wamakonde hao walifunga safari hadi Nairobi kumlilia Rais, na baadaye wakapewa vitambulisho. Mwaka 2021 Washona walipewa uraia. Mwaka 2023 ikawa zamu ya Wapemba wa pwani. Twamshukuru Mungu. Lakini kijana aliyemaliza shule miaka kumi kabla ya hapo, nani atamrudishia miaka yake? Na wapo wengine ambao hawajafikiwa.

Ndugu zangu, tusiseme kwamba jambo hili ni la serikali peke yake. Safari ya cheti huanzia kijijini, kwa mkunga, kwa jirani na kwa mzee wa kijiji, wanaoshuhudia kwamba mtoto huyu alizaliwa hapa. Je, tumekubali kusimama mashahidi wa mtoto wa mgeni, au tumesema, "Huyu si wa kwetu"? Torati yatuamuru tumpende mgeni kama mwenyeji. Na Bwana wetu mwenyewe, angali mchanga, alikimbiziwa Misri.

Babeli, isiyomjua Mungu, iliwasomesha watoto wa ugenini. Itakuwa aibu kwetu sisi tunaosali kila Jumapili kushindwa na Babeli.