Usipikie Mbao za Kijani

Mjenzi wa mjini siku hizi hawezi kirahisi bei ya mvule wala mninga. Huezeka kwa mbao za msindano, kama zile zitokazo Sao Hill, wilayani Mufindi. Msindano hukua haraka, lakini mchwa na dumuzi huupenda. Ndiyo sababu hutiwa dawa.

Mvule haukuhitaji dawa ya mtu. Kiini chake kina kemikali ziwachukizazo wadudu. Kwa mantiki hiyohiyo, wako wanaopaka mbao mafuta ya mwarobaini. Ni kweli huwafukuza wadudu, ila jua na mvua huyamaliza nguvu upesi. Nani atapanda darini kila mara kupaka upya?

Dawa iliyoenea ni mchanganyiko wa shaba, kromu na arseniki, unaoacha rangi ya kijani. Hudumu hata ardhini. Lakini arseniki ni sumu kali. Marekani, watengenezaji waliacha kuitumia kwa sehemu kubwa ya mbao za majumbani mwishoni mwa 2003. Ulaya nayo iliiwekea mipaka mwaka 2004.

Ipo njia ya kati, nayo ni boroni. Ubao mbichi huchovywa katika maji yenye boraksi na asidi ya boriki, kisha hupangwa na kufunikwa kwa majuma kadhaa ili dawa ipenye ndani. Huzuia mchwa, dumuzi na kuvu, na hatari yake kwa binadamu ni ndogo kuliko ya arseniki, ingawa si kitu cha kuachia watoto. Kasoro yake ni moja: mvua huiosha. Basi inafaa kenchi zilizo chini ya bati, vitanda na makabati. Nguzo ya uzio haifai.

Sasa lililo zito. Fundi akimaliza kuezeka, vipande vya kijani hukusanywa na kwenda jikoni. Ndugu zangu, moto hauiui arseniki. Nyingine hupanda na moshi anaouvuta mpishi, nyingine hubaki katika majivu, ambayo kesho yatamwagwa kwenye bustani ya mchicha.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa, muulize muuza mbao: ni dawa gani hii? Asipojua, ichukulie kuwa ni sumu. Na kipande cha kijani, hata kiwe kidogo, kisiingie jikoni.