KUTU YA MAJARUBANI NA MAJANI YA MPUNGA

(Hotuba ya Katibu wa Kamati ya Kilimo kwenye mkutano wa wanachama. Imenakiliwa kwa ajili ya wale ambao hawakuhudhuria.)



Wapo waliokuja ofisini kulalamika kwamba majaruba ya chini, karibu na chemchemi, yamemwagiwa mafuta ya trekta. Nikaenda kuangalia. Kweli, juu ya maji pana utando unaong'aa rangi rangi. Nikachukua kijiti nikauchokoa. Mafuta ukiyachokoa hujifunga tena. Utando ule ulivunjika vipande vipande kama ganda la yai. Basi si mafuta, ni kutu. Dereva wa trekta asisumbuliwe.

Kutu hiyo inatoka wapi? Udongo wetu una chuma. Maji yakituama, hewa huisha chini, na vijidudu vinavyokula masalia ya mimea hukiyeyusha chuma hicho. Kikipanda juu kikakutana na hewa, kinakuwa kutu upya. Ndiyo maana hata mpunga ukiung'oa, mizizi yake ni myekundu: mmea huteremsha hewa mpaka mizizini, na chuma hugandia pale pale.

Sasa sikilizeni hapa, maana ndipo ilipo mbolea yetu. Kutu changa ni laini mno. Gramu moja tu, uso wa chembe zake zote ukijumlishwa, hupita mita za mraba 200. Kwenye uso huo ndipo inaponata fosforasi ya mbolea tunayoinunua kwa shida. Jaruba likijaa maji, vijidudu huiyeyusha kutu changa kwa urahisi, na fosforasi humrudia mpunga. Lakini kutu huzeeka. Chembe zake hujipanga upya na kushikana, uso unapungua, na vijidudu haviwezi tena kuitafuna haraka. Kwenye maji yenye chuma kilichoyeyuka, uzee huo unaweza kuja kwa siku chache tu.

Viko vitu viwili vinavyouchelewesha. Kimoja ni silika, ile ile ya mchanga na kioo, ambayo pia hufanya majani ya mpunga yatukate mikono. Ikiyeyuka majini huing'ang'ania kutu changa, chembe zisipate nafasi ya kujipanga. Kingine ni mboji. Hiyo hufanya kazi hiyo hiyo, tena hugombea nafasi na fosforasi, kwa hiyo fosforasi nyingine hubaki huru kwa mmea. Vyote viwili tunavipata katika majani yale yale tunayoyachoma kila baada ya mavuno! Silika hubaki kwenye majivu, sawa, lakini cha kuwa mboji huondoka na moshi. Na pale moto ulipowaka sana udongo hugeuka mwekundu kama tofali: hiyo nayo ni kutu iliyozeeshwa, safari hii kwa moto.

Lakini jamani, msitoke hapa mkaenda kufukia majani mabichi. Mimi nilifanya hivyo kwenye jaruba langu la chemchemi, wiki moja kabla ya kupandikiza. Vijidudu vikapata karamu, chuma kikayeyuka kupita kiasi, majani ya chini yakaingia madoadoa ya kahawia kuanzia nchani, mpunga ukadumaa. Nilivuna magunia mawili badala ya matano. Mama watoto bado ananikumbusha.

Kamati inapendekeza majani yarundikwe pamoja na samadi, yaoze kwanza, ndipo yarudishwe shambani mapema kabla ya maji kuingia. Majaruba ya chemchemi ni habari nyingine. Hayo yachimbiwe mfereji wa kutoa maji kabla ya lolote. Nikisema mboji peke yake itayaponya nitakuwa nawadanganya. Kazi ya mfereji itaanza Jumamosi asubuhi. Kila kaya ilete jembe moja au chepe.