Mkate Kabla ya Safari

Somo: 1 Wafalme 19:1-8



Katika nyumba moja hapa Kipkelion, kijana wa kidato cha nne alikuwa amesoma tangu alasiri. Usiku akafunga daftari la hesabu, akafungua riwaya ya mwokaji mikate. Baba yake akamkuta. "Ng'ombe wameuzwa kwa ajili ya karo yako, nawe wasoma hadithi za mikate?" Kijana akanyamaza, akaificha riwaya chini ya mto.

Uchungu wa baba huyo twauelewa, maana karo ni jasho. Lakini na tumtazame Eliya. Alikuwa akimkimbia Yezebeli, akaketi chini ya mretemu, akaomba afe. Malaika hakumkemea, wala hakumpa kazi mpya. Alimgusa tu, akamwonyesha mkate uliookwa juu ya makaa, na maji. Eliya akala, akanywa, akalala tena. Malaika akarudi mara ya pili akamwamsha ale, kwa kuwa safari ilikuwa ndefu. Ndipo akaenda siku 40, mchana na usiku, hata Horebu.

Kila mama aokaye mkate alijua neno hili. Akiisha kukanda unga kwa maji, chumvi na hamira, huufunika kwa kitambaa, akauacha. Mikono yake imetulia, lakini hamira yafanya kazi, na donge laumuka. Hata hivyo, akilisahau mpaka kesho, litachacha. Pumziko nalo lina kipimo chake.

Enyi wazazi, si kila kupumzika ni uvivu. Kabla ya kumwuliza mtoto, "Umesoma?" mwulize kwanza, "Umekula? Umelala?" Mhubiri naye atuonya, katika 12:12, kwamba kusoma kwingi huuchosha mwili.

Nanyi wanafunzi, msijifiche nyuma ya riwaya ili kuzikimbia hesabu. Soma sura moja, ucheke, moyo utulie, kisha urudi kwenye daftari lako. Eliya hakubaki chini ya mti, aliinuka akaenda.

Tuombe. Ee Bwana, uliyemlisha mtumishi wako jangwani, watie nguvu watoto wetu walio katika mitihani. Utupe sisi wazazi macho ya kuona uchovu wao kabla hatujaona makosa yao. Kwa jina la Yesu. Amina.