Karatasi Iliyotumika Si Taka

Daftari likijaa unalipeleka wapi? Jalalani? Subiri kwanza. Karatasi iliyotumika si taka.

Karatasi hutengenezwa kwa nyuzinyuzi za miti. Ukiilowesha na kuitwanga, nyuzi huachana. Ukiikausha, hushikana tena. Siri yote ni hiyo.

Mwalimu, jaribu na darasa lako. Wanafunzi wachane karatasi kuukuu vipande vidogo. Waziloweke kwenye ndoo usiku kucha. Asubuhi wazitwange kwenye kinu mpaka ziwe laini kama uji. Wamimine uji huo kwenye beseni la maji, wakoroge. Kisha wazamishe wavu wa dirishani uliopigiliwa kwenye fremu ya mbao, wauinue taratibu. Maji yatachuruzika. Juu ya wavu utabaki utando mwembamba. Waugeuzie kwenye kitambaa, waukandamize, wauanike. Ukikauka, ni karatasi mpya! Nzito kidogo, ya kijivujivu, lakini inaandikika.

Viwanda navyo hufanya hivyo hivyo, kwa mashine kubwa.

Lakini sikiliza vizuri. Karatasi iliyofungiwa maandazi, ikalowa mafuta, haifai. Mafuta hung'ang'ania kwenye nyuzi na kuharibu karatasi mpya.

Basi leo, nyumbani na shuleni, tenga boksi la karatasi tu. Ziwe kavu. Ziwe safi. Zisichanganywe na taka nyingine. Boksi likijaa, wapelekee wanaonunua karatasi chakavu, au wape wanafunzi wajifunzie.

Kumbuka: kavu, safi, peke yake. Karatasi iliyotumika si taka.