Duara la Jombo na Ardhi Inayokwenda
(Mazungumzo baada ya Tarawehe, Shimoni)

Ndugu zangu katika imani, sitawachosha.

Hapa Shimoni tunakanyaga jiwe la matumbawe, jiwe lililojengwa na bahari. Sasa wewe toka, fuata njia ya Kanana, utazame upande wa bara. Kile kilima ni Mrima, na nyuma yake kuna Jombo. Mawe yale si ya bahari, yametoka chini.

Jombo likipigwa picha kutoka angani ni duara. Usidhani ati kimondo kilianguka, la. Zama za kale Bukini ilikuwa imegandana na pwani hii yetu. Gamba la ardhi likavutana, likapasuka, Bukini ikang'oka ikaenda zake kusini. Baadaye, katika gamba hilo lililokwisha dhoofika, uji wa moto ukapanda kama nguzo, ukatoboa mawe ya mchanga ya Duruma, ukapoa humo humo. Mvua ya mamilioni ya miaka ikala mchanga, jiwe gumu likabaki limesimama. Mrima, Kiruku na Nguluku ni matundu ya pembeni tu. Leo uji wa jamii ya Mrima unatoka katika volkano moja pekee duniani, Oldoinyo Lengai kule Tanzania. Na ardhi haijatulia: Bonde la Ufa lapanuka milimita chache kila mwaka.

Hapo sisi vijana hukimbilia Surat An-Naml, aya ya 88, inayotaja mwendo wa milima. "Si hii hapa, sayansi imethibitisha!" Nami nilisema hivyo madrasa, tena kwa sauti. Lakini soma aya ya 87, inataja kupulizwa parapanda. Ndiyo maana wafasiri wengi wa kale wameuweka mwendo huo Siku ya Kiyama. Mtaalamu akibadilisha hesabu yake kesho, wewe utamwambia nini uliyemhubiria?

Mrima una niobiamu na madini mengine adimu. Leseni ya kuchimba ilifutwa Agosti 2013, na mwaka 2018 mahakama ya usuluhishi ya kimataifa ikayakataa madai ya wawekezaji. Msitu ule ni kaya ya Wadigo. Basi mkienda baada ya Idi, ombeni ruhusa kwa wazee kwanza, na mawe msibebe kupeleka nyumbani, yana thoriamu.